Kufundisha Goti Kufunga Breki

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mmoja wenu aliniomba mbele ya watu wote niwaachie siri ya kazi. Nikajibu kwamba wali unapoa. Lilikuwa jibu la kukwepa, na wali wenyewe ulikuwa umeshapoa. Sasa niko nyumbani. Nimekaza misumari ya viti vyote, nimebadilisha bawaba za milango, na mke wangu ameniomba kwa heshima nitafute shughuli nyingine kabla sijafika kwenye sufuria. Basi naandika.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hazimsaidii mtu aliyesimama kati ya vyuma viwili, amevaa mguu bandia kwa mara ya kwanza, jasho linamtoka, huku ninyi mmesimama mbele yake hamjui mumwambie nini. Ninaandika kwa ajili ya dakika hiyo.

Niliingia kituo chetu cha miguu bandia nikiwa fundi viatu. Kibanda changu kilikuwa Katindo, hapa Goma, ng'ambo ya ukuta wa kambi ya jeshi, na wateja wangu wengi walikuwa askari. Buti la askari linafundisha mambo mawili: kushona ngozi ngumu, na kuishi na mteja asiyependa kungoja. Siku moja aliletwa mtu mwenye mguu bandia aliyetaka kiatu kinachoingia. Mguu wa namna ile haukunji vidole. Ukiusukuma ndani kwa nguvu, kinachoshindwa ni kiatu. Nikapasua kisigino, nikaweka kamba nyuma, ukaingia. Mwezi uliofuata kituo kilinitumia jozi nyingine, kisha nyingine, mwishowe wakaniambia nihamie na nyundo yangu.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mama Masika. Yeye ndiye alikuwa kine wetu, yaani mtaalamu aliyesomea kurudisha viungo kazini, mzaliwa wa Butembo kama mimi, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Alikuwa amepanga viatu vya wagonjwa juu ya benchi, nyayo juu.

"Papa Paluku, usianze na sura ya mutu," akaniambia. "Sura inataka kukufurahisha. Anza na kiatu."

Akanionyesha unyayo mmoja mmoja. Huu umelika kisigino upande wa nje tu, mwenyewe anatembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Huu umechubuka puani, mguu wake hauinuki, unaburuta. Huu ni mpya kabisa, na mgonjwa anaapa kwamba anafanya mazoezi kila siku. Kwa miaka yote iliyofuata sikuacha desturi hiyo. Mtu akiniambia anaendelea vizuri, namwambia nashukuru Mungu, kisha namwomba avue kiatu.

Mwisho wa vile vyuma viwili vya kushikilia palikuwa na kioo kirefu. Nilikipenda kile kioo. Niliona ni jambo la akili kwamba mtu anayejifunza kutembea ajione. Lakini wagonjwa walikuwa wakijitazama, wanatazama mguu, wanatazama tena uso wao, halafu wanakwama katikati kama gari lililoishiwa mafuta. Asubuhi moja alikuwepo mzee mmoja ambaye kila hatua aliifanyia mkutano. Mama Masika akavua kitenge chake cha juu, akakifunikia kioo, akaweka termosi ya chai kwenye kiti ng'ambo ya vyuma.

"Muzee, chai iko kule. Ukichelewa minaikunywa."

"Iko na sukari?"

"Enda uonje."

Mzee akaenda. Hakutembea vizuri, lakini alitembea, macho yakiwa kwenye termosi. Alipofika akageuka kutazama alikotoka, akashangaa, na hapo ndipo alipotaka kuanguka.

Nilianza kufuatilia jambo hilo kwa makini. Nilipomwambia mtu, "Kunja goti, inua kidole, tanguliza kisigino," mguu wake uligeuka ubao. Nilipomwambia, "Ruka lile jiwe," goti lilijikunja lenyewe, kidole kikajiinua, kisigino kikatangulia. Maagizo ya vipande vipande humchanganya mtu. Akijua tu anakwenda wapi, mwili hujipangia mengine. Msinielewe vibaya kuhusu kioo. Kioo ni kizuri kwa mtu aliyesimama anayetaka kujua kama bega lake limelala upande. Kwa mtu anayekwenda mahali, kifunikeni.

Jambo la pili nililojifunza kwa Mama Masika lilinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu linapingana na haraka yetu. Mimi nilikuwa namrudisha mgonjwa kwenye zoezi moja mpaka analifanya bila kosa, halafu tunaingia la pili. Mchana huo anapendeza. Wiki inayofuata amesahau, na mimi nimeshamsifu. Mama Masika alichanganya: ngazi, kisha mawe, kisha kukaa na kusimama, kisha kubeba bidoni, yaani dumu la maji, kisha ngazi tena. Wagonjwa wake kila siku walionekana wabovu kuliko wangu. Mwisho wa mwezi walikuwa wanakwenda sokoni, na wangu bado walikuwa wazuri kati ya vyuma. Kwa hiyo uzuri wa leo usiwaleweshe. Kilichojifunzwa ni kile kinachobaki baada ya mtu kulala, kuamka, kugombana na shemeji yake na kurudi.

Nilinunua sokoni Birere kitabu cha Kifaransa cha viungo vya mwili, kimeng'oka jalada, nikakisoma na kamusi pembeni. Kilinipa majina ya misuli yote. Kilinisaidia kujua lini maumivu ni ya kawaida na lini nimpeleke mtu kwa daktari bila kuchelewa. Lakini sikumwona mgonjwa aliyepiga hatua kwa sababu mimi nilijua jina la msuli wake.

Kuna chombo kimoja nilichokitengeneza mwenyewe, na nafurahi kwamba bado mnakitumia. Sakafu ya kituo ni saruji laini. Nje ya geti ni Goma: mawe meusi ya volkano, makubwa na madogo, yanayocheza chini ya mguu. Tulikuwa tunamfundisha mtu nchi isiyokuwepo. Nikaunda fremu ndefu ya mbao, nikaijaza mawe hayo, upande huu madogo kama maharage, upande ule kama ngumi. Wagonjwa wakaipa jina la mlima wetu, na mpaka leo utasikia mtu anajisifu kwamba ameupanda Nyiragongo mara mbili kabla ya chakula.

Kabla sijafika kwa Faustin, ambaye ndiye hasa sababu ya kurasa hizi, lazima nimtaje Mzee Ramazani, kwa sababu bila yeye nisingemwelewa Faustin. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wa familia zilizotoka Maniema zamani. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Tulitaka aweze kushuka chini na kuinuka, maana anayeishi peke yake akianguka lazima ajue kurudi juu. Akashindwa wiki baada ya wiki. Ijumaa moja aliomba mahali pa kusali. Kwa kawaida alisali kwenye kiti, lakini kiti cha karibu kilikuwa kimekaliwa, nami nikamtandikia mkeka. Nilipogeuka alikuwa anasujudu. Nilipogeuka tena alikuwa amesimama, mkono juu ya goti, ametulia, kana kwamba kiharusi kilikuwa cha mtu mwingine.

Alipomaliza nikamwomba arudie, ili nione mkono aliuweka wapi.

"Nirudie nini?"

"Ile ya kushuka na kuamuka."

Akanitazama kwa huruma. "Papa Paluku, sala haiko repetisyo ya mupira."

Akajaribu hata hivyo, kwa ajili yangu, kama repetisyo, zoezi tu. Akashindwa kama jana. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mwendo una nyumba yake, ile uliyozaliwa ndani yake, na ukiuita barabarani huenda usiitike. Nikaanza kumuuliza kila mgonjwa mpya, kabla sijagusa kitu: "Huu mwili ulikuwa unafanya kazi gani?"

Faustin alijibu swali hilo kabla sijamaliza kuliuliza. Alikuwa mtu wa Kibumba, mpana wa mabega. Lori lililokatika breki lilikuwa limembana mguu kwenye ukuta wa mawe, na madaktari wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Goti lenyewe lilipona, na katika kazi yetu goti ni utajiri. Alijifunza mguu bandia haraka kuliko mtu yeyote niliyemwona. Siku alipovuka Nyiragongo bila fimbo nikampongeza.

"Umeisha jua kutembea, Faustin."

"Kutembea, ata mbuzi inatembea," akasema. "Mimi, Papa, niko mutu ya chukudu."

Kama maandishi haya yatamfikia mtu wa mbali, namwelezea. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani mbele na ubao mrefu katikati. Hakina injini wala pedali. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira kilichopigwa misumari, na kwa mguu mwingine anasukuma ardhi. Breki, ambayo sisi huku tunaiita freni, ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma; ukitaka kusimama unaurudisha nyuma mguu unaosukumia na kukikanyaga. Kutoka Kibumba mpaka Goma barabara inateremka, na watu wanashuka wamepakia viazi, kabichi na makaa, kwa kasi inayowafanya abiria wa mabasi wafumbe macho.

Faustin tangu utotoni alikuwa anapiga goti la kulia. Kusukuma na kufunga breki ilikuwa kazi ya mguu wa kushoto, ule uliobaki hospitalini.

Chukudu yake alikuwa nayo mdogo wake, Safari. Safari alikuwa mwendeshaji mzuri wa tambarare. Kwenye mteremko alishuka na kuizuia kwa mikono, akitembea pembeni, akafika Goma wenzake wameshauza na kuanza kupanda kurudi. Mke wa Faustin alikuwa anabeba viazi mgongoni mpaka barabarani, na mavuno makubwa yalikuwa yanakuja. Siku moja ndugu hao wawili walikuja pamoja na chukudu yenyewe, wakaiegemeza kwenye ukuta wetu.

"Papa," Faustin akasema, "minaomba jibu moja tu. Nitashuka na chukudu tena, ao nimuachie Safari? Lakini useme mbele ya mavuno. Na usinidanganye juu ya kunifurahisha."

Safari alikuwa anatazama mawe. Mdogo anayengoja mali ya kaka yake aliye hai hana mahali pazuri pa kuweka macho.

Tulijaribu kwanza njia rahisi: goti la kulia lilipo siku zote, na mguu bandia usukume. Kwenye saruji ulisukuma. Kwenye mawe uliteleza, na kwenye breki ukakanyaga mara pembeni mara kwa nguvu zote, kwa sababu hauna unyayo wa kusikia mpira. "Uyu muguu ni kiziwi," Faustin akasema, na tukaiacha njia hiyo.

Ikabaki kugeuza kila kitu. Goti la kushoto lipigwe ubaoni, mguu bandia uvuliwe na kufungwa juu ya mzigo, kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, kilalie godoro dogo nililolishona kwa ngozi. Mguu wa kulia, ambao maisha yake yote ulikuwa umepiga magoti, sasa upewe kazi ya kusukuma na kusimamisha. Kwa usalama tukaanza na chukudu tupu. Faustin akayumba na kuanguka kama mwanzo wa maisha. Wenzake watatu waliokuwa wamekuja kumwona wakaegemea geti wakicheka.

"Faustin! Unaendesha kivuli?"

"Mupakie!" mwingine akanipigia kelele mimi. "Chukudu bila muzigo inaruka kama ndama!"

Tukafunga magunia ya mchanga. Palepale ikanyooka. Mzigo unaifanya ianguke polepole, na mwendeshaji anapata nafasi ya kuirudisha. Mnaowafundisha watu kubeba, kusukuma au kuendesha, wapeni uzito mapema. Kitu chepesi hakimwambii mtu lolote.

Wiki zikapita. Uani, kisha kwenye uchochoro, Faustin akasukuma, akakata kona, na kila nilipoita "Simama!" mguu wa kulia ukarudi nyuma na kukanyaga mpira. Nikamwambia Mama Masika kwamba jibu nimeshalipata.

"Anasimama wakati unamuita," akasema. "Kule Kibumba nani atamuita?"

Tukaenda mtaa wa Himbi, kwenye njia moja inayoteremka taratibu kuelekea ziwani, isiyo na magari mengi. Mimi nikabaki juu na Faustin. Mama Masika akajificha nyuma ya kona ya ukuta na bidoni ya njano, mama wa makamo mwenye sare nyeupe, mpaka mlinzi wa nyumba akatoka kuuliza kama ana shida. Faustin akashuka. Alipoikaribia kona, bidoni ikaruka mbele ya gurudumu.

Niliona kila kitu kwa sababu nilikuwa nyuma. Mguu wa kulia haukutikisika. Paja la kushoto ndilo lililojitupa nyuma, kigutu kikatoka kwenye godoro, kikatafuta mpira hewani mahali ambapo unyayo ungekuwa. Chukudu ikalala ubavu, magunia yakapasuka. Tulipomfikia alikuwa amekaa kwenye mchanga, hajaumia, anatazama nyuma.

"Nimekanyaga," akasema. "Papa, nimekanyaga. Minasikia nimekanyaga!"

Tulirudia siku nyingine, kwa vitu vingine, mahali pengine. Akiwa anajua, mguu wa kulia. Akishtuka kweli, mguu usiokuwepo. Ujuzi mpya ulikuwa umejengwa vizuri, lakini ule wa zamani haukuwa umekufa, ulikuwa umekaa chini yake unangoja hofu. Nadhani hofu haina muda wa kuchagua. Inachukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile cha miaka mingi. Pengine miaka mingine mingi ingebadilisha. Mavuno yalikuwa yanakuja baada ya wiki chache.

Basi nikajiandaa kusema hapana. Nilitayarisha maneno, nikamwambia Mama Masika ninayo, akanijibu niyaweke kwanza. Tulikuwa kwenye ile njia ya Himbi, Faustin ameanguka tena, Safari anakusanya mchanga kwa mikono. Nikaanza: "Faustin, ulisema nisikudanganye."

"Ngoja, Papa." Alikuwa amekaa kwenye ukingo, anapapasa paja lake kama mtu anayempapasa ng'ombe mkaidi. "Uyu anajua njia. Kila siku anaenda fasi moja. Anafika pale pale. Juu ya nini munamukataza? Munipatie kitu ya kukanyaga pale anafika."

Kisha Safari akaacha mchanga, akapiga magoti nyuma ya chukudu, akapima kwa shubiri kutoka kwenye godoro mpaka gurudumu la nyuma.

"Goti inasukuma nyuma," akasema polepole. "Kama ubao inateleza, itasukuma mupira."

Mama Masika akanigeukia. "Papa Paluku, iko mbao gani zinabakia kwa atelye?"

Tuliifanya kazi hiyo karakanani, Safari na mimi. Nakiri Safari alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Alichonga mfereji katikati ya chukudu, na ndani yake akalaza ubao mfupi unaoteleza, ule wa kupigia goti. Mwisho wa ubao nikapigilia kipande cha tairi, kwa misumari ya viatu, kikitazama gurudumu. Goti likisukuma nyuma, ubao unateleza, tairi inabana gurudumu. Mfereji tuliupaka sabuni. Ubao wa kwanza ulifunga breki kwenye kila jiwe, na Faustin akatuuliza kama tumemtengenezea chukudu au jiwe la kusagia. Tukaongeza ukanda wa mpira wa ndani ya tairi unaourudisha ubao mbele. Ubao wa pili ulibana ghafla mno ukamrusha juu ya usukani. Tukaipunguza tairi kwa kisu, kidogo kidogo, mpaka ikabana kama mkono wa mtu mwenye akili. Breki ya zamani, ya mguu wa kulia, tuliiacha mahali pake.

Kisha Himbi tena, ukuta, bidoni. Paja likajitupa nyuma kama siku zote. Ubao ukateleza. Chukudu ikasimama, nusu hatua kabla ya bidoni, na Faustin akabaki juu yake amepiga goti, mdomo wazi. Yule mlinzi, ambaye sasa alikuwa ameshazoea kuja kutazama, akapiga makofi.

Mama Masika hakupiga. Tulirudia siku kadhaa, ikafanya kazi kila mara, naye uso haukubadilika. Mwishowe nikamuuliza ana wasiwasi gani.

"Ameisha zoea bidoni," akasema. "Anaingojea kama vile mutu anangojea basi. Mustuko wenye kungojewa haiko mustuko."

Alikuwa sawa. Hilo ndilo lililo nje ya uwezo wetu, na nataka mlijue kabla hamjakutana nalo: tunaweza kupima kila kitu isipokuwa kile tunachokitafuta, kwa sababu mgonjwa akijua anapimwa, tayari ni mtu mwingine. Nikawaita ndugu hao wawili, nikawaambia ukweli. Kwamba nimeona mambo haya na haya. Kwamba jambo moja sijaliona, na siwezi kulitengeneza. Kwamba mteremko wa Kibumba ni mrefu, una watoto, mbuzi na malori, na kwa hiyo jibu bado sina.

"Basi twende ukaone," Faustin akasema.

Tukaenda Kibumba asubuhi ya siku ya soko. Watu wa chukudu wana desturi: anayerudi baada ya ugonjwa hawekwi mbele wala nyuma. Anawekwa katikati ya msururu, wa mbele anaita mashimo, wa nyuma anachunga mzigo wake. Wakampakia viazi, wakamfungia mguu bandia juu ya magunia kama kuku anayepelekwa sokoni, wakamtania, wakamwombea. Mimi na Safari tulipanda pikipiki moja, tukatangulia. Nilikuwa nimekumbatia mfuko wa bandeji, na dereva aliniuliza mara mbili kama mimi ni daktari wa mifugo.

Chini ya kona moja mnyororo wa pikipiki ukachomoka. Dereva akaiegemeza kando, akainama. Mimi nikashuka nipate kuuona msururu ukija, na kwa kuwa lori lilikuwa limenizibia, nikasogea, nikasogea tena, macho juu kwenye lami. Sikutazama nilipokuwa nimesimama. Wale watu hawakati kona ile kwa lami. Wanaikata ndani, kwa njia nyembamba iliyo kati ya barabara na ukuta wa mawe. Ndipo nilipokuwa nimesimama, mgongo ukiwaelekea.

Nikasikia "Pishaaa!" Wa kwanza akanipita kushoto, upepo wake ukanivua kofia. Wa pili akanipita kulia, akagusa ukuta. Nikageuka. Wa tatu alikuwa Faustin, na nafasi haikuwepo tena, upande huu pikipiki ilikuwa imeangukia njia, upande ule mawe. Nikaona macho yake. Nikaona paja linarudi nyuma.

Mpira ulilia. Nilisikia harufu yake kabla sijaelewa. Usukani ulisimama mbele ya tumbo langu, karibu kiasi kwamba niliushika kwa mikono yote miwili, na magunia yakamwegemea Faustin mgongoni.

"Papa! Unatafuta kufa?"

Sikuwa na pumzi, lakini swali nilikuwa nalo. "Umefunga na nini? Goti, ao muguu ya kuume?"

"Nini?"

"Freni! Umefunga na muguu gani?"

"Sijue! Muguu gani, muguu gani! Toka kwa njia, viazi binanisukuma!"

Nyuma yake waliobaki walikuwa wamesimama mmoja baada ya mwingine, wanapiga kelele.

"Faustin, endesha! Uyu muzee ni wa nani?"

"Ni mwalimu wangu!"

"Mwalimu ya nini?"

"Ya kutembea!"

"Mwambie aende ajifunze!"

Nikatoka njiani. Faustin akasukuma kwa mguu wa kulia, akapiga goti, akashika mteremko, na wengine wakamfuata wakinicheka kila mmoja kwa zamu yake. Hakugeuka. Tulimwona mpaka kwenye kona ya chini, akiwa katikati ya msururu, hatofautiki na wengine ila kwa ule mguu uliofungwa juu ya viazi.

Safari aliniokotea kofia, akaipangusa vumbi, akanipa.

"Sasa, Papa," akauliza, "jibu ni gani?"

Nikamwambia atafute mbao, aanze kuchonga chukudu yake mwenyewe. Ile ya kaka yake ina mtu.